Dang'a Chini ya Samaki

Jokofu lilikuwa la fundi wa kuchomelea vyuma, lakini chupa zilizolala ndani yake, chini ya samaki, zilikuwa za shemeji yake. Mama huyo, dada mkubwa wa mkewe, alikuwa mkamuaji wa mtaa tangu usichana wake. Asubuhi zizi la huyu, alasiri zizi la yule, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe. Alimsalimu ng'ombe kwanza, mwenye ng'ombe baadaye, na watu walishamsamehe.

Ng'ombe yeyote akizaa, alihakikisha ndama ameshiba, ndipo akaomba chupa kubwa moja ya dang'a, yale maziwa ya mwanzo, mazito na ya manjano. Kwake hakukuwa na umeme, basi akaja kuigandisha kwa fundi. Ndiyo maana wakamwita Mama Chupa.

"Shemeji, hili ni jokofu au zizi?" fundi alimtania kila mara.

"Zizi lina adabu kukushinda. Sogeza samaki wako."

Lakini usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Asubuhi moja ng'ombe wa fundi, naye hakuwa na mwingine, alizaa kwa taabu akafa kabla hata ya kumlamba mwanawe. Ndama jike akabaki kwenye majani, anatetemeka. Mke wa fundi akatoka mbio kumwita dada yake. Fundi akafungua jokofu. Chupa zilikuwa mbili tu.

Hakungoja. Mtu aliyezoea moto hudhani kila kitu kinataka moto. Akaikata chupa moja, akatia lile bonge la barafu kwenye sufuria, akachochea jiko mpaka likatokota. Dang'a ikashikana mabonge kama yai lililoiva.

Mama Chupa alipofika, alichungulia sufuria. Fundi akainamisha kichwa, akisubiri maneno.

"Shemeji," akasema, "hii umeichomelea."

Mkewe akacheka huku machozi yanamtoka. Mama Chupa alikuwa ameshaichukua chupa ya pili, akaizamisha kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu, kama ya kuogeshea mtoto mchanga. Akakaa juu ya kigoda, anaigeuza polepole.

"Si tumpe maziwa ya dukani kwanza, ashike roho?" fundi aliuliza.

"Ya dukani yatamshibisha tu. Huyu amezaliwa hana kinga hata chembe. Kinga ya mama yake ilikuwa kwenye dang'a. Sasa hivi tumbo lake linaipokea. Saa zikipita, mlango unafungwa, na ugonjwa wowote ukija unamkuta mtupu."

"Baada ya saa ngapi?"

"Msugue mgongo kwa gunia, baba. Saa niachie mimi."

Fundi akasugua. Hakuwahi kusugua chuma kwa moyo namna ile. Barafu ilipoisha, Mama Chupa alichovya kidole, akampa ndama. Ndama akakinusa, akakigeuzia shingo. Akampa tena. Mara ya tatu ulimi ukakizunguka, akavuta, na mkia ukatikisika. Chupa ya pili ikaisha yote.

Asante yake fundi aliisema kwa mikono. Wiki ile ile alichomelea kichanja cha nondo, akakipachika ndani ya jokofu: chupa juu, samaki chini. Mkewe akalalamika kwamba sasa samaki hawana pa kukaa. Akaambiwa waogelee.

Yule ndama alikua, akapandishwa, akazaa. Siku hiyo fundi alimwacha mtoto anyonye mpaka akalala, kisha akakamua chupa moja mwenyewe, akimwaga nusu nje kwa ugeni wa kazi, akaiweka kwenye kichanja. Ndipo akatuma watu wamwite shemeji.

Mama Chupa aliingia, akampita fundi mlangoni kama nguzo, akaenda moja kwa moja kwa ng'ombe.

"Hujambo, mwanangu? Pole na uzazi."

Fundi akasimama nyuma yake na kofia mkononi, akangoja zamu yake ya kusalimiwa, na hakuwa na haraka.