Swali la Saba la Daktari Deodatha

Siku Daktari Deodatha alipoongeza swali la saba kwenye fomu ya utafiti, wenzake wa maabara kule Mwanza walicheka mpaka wakashika mbavu. Swali lenyewe: "Je, mtoto ameacha kutafuna kahawa?" Jamani, wakasema, sisi tunatafiti saratani ya damu na ya tezi, kahawa imeingiaje? Deodatha akanuna. Watu wa Karagwe tunajua kununa, asikudanganye mtu, na swali likabaki palepale.

Alizaliwa Ihanda, ndani ya migomba na mibuni. Kwao mgeni hukaribishwa kwa akamwani, kahawa iliyochemshwa ikakaushwa, na anayeleta kikapu hutafuna punje moja kwanza ili mgeni aone haina sumu. Kazi hiyo ilikuwa ya Celestin, mdogo wake wa miaka sita. Siku walipokuja wageni wa posa, Celestin alipitisha kikapu bila kutafuna. Aibu iliyoje! Deodatha, mwenye miaka kumi na mmoja, akamvutia nyuma ya nyumba akamfinya sikio. "Unatuaibisha mbele za watu!" Mtoto akalia tu, asiseme kwamba meno yanacheza.

Taya likavimba. Akapelekwa kwa mng'oa meno, yakang'olewa matatu, na kabla mavuno hayajaisha wakamzika. Deodatha alikuja kusoma chuoni kwamba ipo saratani ya tezi inayoanzia tayani kwa watoto na kulegeza meno, na kwamba ikiwahiwa hutibika. Siku hiyo hakula. Miaka kumi na tisa sasa anainamia darubini akiitafuta, na tangu mazishi yale hajaweka kahawa mdomoni.

Mwaka jana mhudumu wa afya wa kijiji, mmoja wa wanaojaza fomu zile, alimpigia simu: kijijini Mabira kuna mtoto mwenye uvimbe wa shavu asiouelewa. Deodatha akapanda bodaboda mpaka kwa Bibi Vero, anayemlea mjukuu wake Ainebyona.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Ainebyona akaja na kikapu. Akakinyoosha kwa mgeni bila kutafuna. Bibi Vero akamchapa kofi la mgongoni. "Huna adabu wewe! Juzi hukutafuna, leo tena hutafuni!"

Deodatha alihisi kama amepigwa yeye. Akamwita mtoto, akamfungua mdomo taratibu. Jino la nyuma likatikisika chini ya kidole. Akaeleza yote: akatwe kipande kidogo cha uvimbe, kipimwe, aanze dawa mara moja.

"Jino hilo," Bibi akasema. "Jumamosi mng'oaji anakuja gulioni. Mwanza hapana. Sitoi mjukuu wangu akakatwekatwe na watu wa vitabu."

Vitabu vikamwishia daktari. Akaketi chini kwenye nyasi, na kwa mara ya kwanza maishani akasema habari za Celestin: kikapu, wageni, sikio.

"Nilimfinya, Bibi. Alikuwa anaumwa, mimi nikamfinya." Machozi yakamtoka, akayaacha.

Bibi Vero akatazama mkono wake mwenyewe. Akamvuta Ainebyona, akampapasa mgongo pale alipompiga. Kisha akainuka akatafuta kitenge chake cha safari.

"Yule mdogo wako hakukuchukia," alisema akijifunga. "Watoto hawana kinyongo. Haya, basi la Mwanza linaondoka saa ngapi?"

Majibu ya kipimo yalikuwa yale aliyoyaogopa Deodatha. Dripu zikafuata, nywele zikatoka, Bibi akilala sakafuni pembeni ya kitanda na kugombana na wauguzi kuhusu uji. Mwezi baada ya mwezi, uvimbe wa taya ukapungua.

Kahawa zilipoiva tena, Deodatha alirudi Mabira. Nywele za Ainebyona zilikuwa zimeota, laini kama za kichanga. Akaja na kikapu mbio, huku Bibi akimkaripia asimwage. Akachukua punje, akaitafuna kwa kelele, makusudi kabisa, kisha akatoa ulimi mgeni ahakikishe.

Deodatha akacheka, akashindwa kuendelea kucheka. Mkono wake ukabaki magotini.

"Mtoto ametafuna," Bibi Vero akasema kwa upole. "Na wewe tafuna, mwanangu."

Akatafuna.