Neno Nililolisema Kabla ya Picha

Siku yangu ya kwanza kazini, Bukoba, vita vilikuwa vimeisha juzijuzi, na Fundi Mkuu wa eksirei alinikabidhi swichi kabla ya kunionyesha kiti. "Hii ina hatua mbili," alisema. "Ya kwanza inaamsha mashine, ya pili inapiga. Ukiharakisha, umeharibu filamu." Nilishuku ananitisha tu kwa kuwa natoka Tanga. Wagonjwa aliwaelekeza yeye, kwa Kihaya, mimi nilibonyeza.

Baadaye nilihamishiwa hospitali moja ya Muleba, nikawa peke yangu. Kamera ya pale ilipiga picha ya kifua kutoka kwenye kioo kilichong'aa miale ilipokipiga. Haikujifungua yenyewe, ilingoja ishara ya umeme kwa waya kutoka kwenye mashine. Ishara ikikosekana, picha hutoka tupu. Mgonjwa akitikisika, hutoka na ukungu.

Tangu nifike, nyingi zilitoka na ukungu. Mganga Mkuu alinishuku kwamba nauza filamu nzima mjini na kutumia zilizokwisha muda. Mimi nikamshuku mtunza stoo, kisha waya. Niliuunga upya mara tatu, ingawa nilijua fika kwamba ukungu si kosa la waya. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nakagua nguo za wenzangu.

Miaka ile ya UKIMWI, ukungu kifuani ulikuwa hukumu. Akaja mwalimu wa Kamachumu, mjane, mwenye kikohozi, akisindikizwa na shemeji yake. Shemeji alikitaka kibanja alichoachiwa na marehemu, nyumba pamoja na migomba na mibuni. Picha ikatoka na ukungu, Mganga Mkuu akasema kifua kimechafuka. Shemeji hakuuliza zaidi. Jioni ile ile alimtolea mwalimu vyombo nje.

Baada ya siku tatu mwalimu alirudi peke yake, akaomba apigwe tena. Nikamwambia kama kawaida: vuta pumzi, zuia, haya. Nikabonyeza. Akanigeukia.

"Waitu, bwana, pumzi nizuie mpaka lini?"

"Mpaka usikie mashine imelia."

"Mbona umesema 'haya'? Mimi darasani nikisema 'haya', watoto wanatoka."

Nilikaa chini. Kwetu Tanga 'haya' yangu ilikuwa ya kuanza; wagonjwa wa huku waliisikia kuwa ya kumaliza. Kati ya hatua mbili za swichi ipo kama sekunde moja, na katika sekunde hiyo wagonjwa wangu walikuwa wakishusha pumzi. Niliona aibu kubwa. Nikampiga tena, safari hii nikiwa kimya. Kifua kilikuwa safi kabisa.

Mganga Mkuu akaandika barua, nami nikaipeleka Kamachumu mwenyewe pamoja na picha. Shemeji aliisoma akiwa amesimama mlangoni pa nyumba ile.

"Mashine iliyodanganya Jumatatu," aliniuliza, "Alhamisi imetubu? Au amekupa nini?"

Akanirudishia barua, akafunga mlango.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza siri ya picha nzuri. Nawaambia wajisikilize kwanza, ndipo waukague waya. Mwalimu yu hai, anaishi Kanazi kwa kaka yake, kibanja hakurudishiwa. Tukikutana sokoni hunisalimu kwa heshima zote, anaulizia watoto wangu mmoja mmoja. Kila mara nashuku kwamba bado hajanisamehe, na sijawahi kuthubutu kumuuliza.