Nilivyopewa Kazi ya Kumtukana Mtawa

Nimewahi kumtukana mtawa kwa dakika ishirini, mchana kweupe, kwa ruhusa ya hospitali.

Sitanii. Barua yenye muhuri ninayo.

Mimi ndiye ninayeendesha mashine ya kupiga picha za ubongo. Kazini wananiita Kiberiti. Ukinigusa kidogo tu, nawaka.

Sasa kuna daktari mmoja wa ubongo, mama mpole, akiongea utadhani anabembeleza mtoto. Alikuwa anafanya utafiti wa hasira. Alitaka watu waliojitolea walale ndani ya mashine, watukanwe kupitia vipaza sauti vya masikioni, yeye aone ubongo unafanya nini.

Akaja ofisini kwangu.

"Nimeuliza hospitali nzima nani ana mdomo mchafu," akasema. "Wote wamekutaja wewe."

Nilipaswa kukasirika. Ukweli nilijiona nimepandishwa cheo.

Wiki ya kwanza nilichapa kazi. Mwalimu wa hesabu alilia. Dereva wa teksi alitaka kutoka mle ndani anitandike. Kwenye skrini, kila nikifungua mdomo, kuna kijisehemu cha katikati ya ubongo, umbo la lozi, kinawaka.

"Hicho ndicho king'ora cha mwili," daktari akanieleza. "Kikilia, moyo unakimbia, akili inabaki nyuma."

Kwa wengi kiliendelea kuwaka hata niliponyamaza. Walibaki wakinijibu kimoyomoyo.

Siku ya tisa akaletwa mtawa wa Kibudha. Mzee mfupi, shuka la rangi ya matofali, kichwa kimenyolewa hadi kinateleza.

Nikamnong'oneza nesi, "Huyu nampa dakika mbili."

Nikawasha maikrofoni.

"We mzee, hicho kichwa kinang'aa kama makalio ya sufuria mpya. Umekimbia kazi, ukajifunga shuka, sasa uvivu unauita dini."

Kijisehemu kikawaka. Nikampigia nesi jicho. Kanasa.

Nikaanza kuhesabu. Kabla ya kumi, kimezima.

Nikamtwanga tusi jingine, zito zaidi. Kikawaka. Kikazima.

Kufika dakika ya kumi na tano, aliyekuwa anatokwa jasho ni mimi. Nikapiga meza ngumi.

"Kunywa maji, Kiberiti," daktari akasema.

Mzee alipotoka, uvumilivu ulinishinda.

"Mzee wangu, unafanyaje usikasirike?"

"Nani kakwambia sikukasirika?" akasema. "Ile ya sufuria iliniuma. Mpaka sasa inaniuma."

"Mbona ulipoa haraka hivyo?"

"Ilipofika niliitaja. Masikio yana moto. Kifua kimebana. Hii ni hasira. Nikavuta pumzi, nikaitazama. Sikuifukuza, wala sikuanza kukujibu. Ndiyo mazoezi yangu huu mwaka wa thelathini, na siku nyingine bado inanishinda."

Daktari akaongeza kwamba ukiipa hisia jina lake, sehemu ya mbele ya ubongo inaamka, na mara nyingi king'ora kinashuka.

Wakaondoka. Nikabaki peke yangu, nikamkumbuka dada yangu.

Dada ni fundi cherehani. Alinishonea suti ya harusi ya binamu yetu, nami nikasema mbele ya wageni kwamba nimefanana na mtu aliyeazima nguo za marehemu. Akanijibu palepale: "Huo mdomo ndio uliomkimbiza mchumba wako."

Ilikuwa kweli, ndiyo maana ilichoma. Miezi tisa hatukusemeshana.

Nikachukua simu.

"Dada, ni mimi."

Akanijibu: "Leo ndiyo umekumbuka una dada? Au huko umekosa wa kumtukana?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, tena tamu. Nikafumba macho, nikaanza kutaja kama mzee alivyofanya. Kosa langu ni moja: nilitaja kwa sauti.

"Masikio yana moto... kifua kimebana..."

"Unasemaje?"

"Taya zimekaza... mikono inatetemeka..."

Simu ikakatika.

Nikajua basi, yameisha.

Baada ya dakika ishirini mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Dada. Futi ya kupimia shingoni, pini zimejaa kifuani, mguu mmoja ndala, mwingine kiatu. Nyuma yake mhudumu wa mapokezi anasukuma kiti cha magurudumu.

"Yuko wapi? Kapooza upande gani?"

Nikamkamata mkono asiingie kwenye chumba cha mashine, maana mashine ile ni sumaku kali, ingemchomoa pini zote. Nikamweleza kila kitu. Mtawa, lozi, sufuria.

Akanishindilia kofi la bega. Halafu akakaa kwenye kile kiti cha magurudumu, akalia.

"Nilidhani unakufa," akasema, "na neno la mwisho nililokupa ni lile."

Nikapiga magoti pale sakafuni.

"Mimi ndiye niliyeanza, Dada. Nisamehe. Ile suti ilikuwa nzuri."

Akafuta machozi kwa ile futi.

"Najua ilikuwa nzuri. Si niliishona mimi?"

Nilimsukuma na kiti chake hadi getini, watu wakitupisha njia kwa huruma.

Sasa wapendwa, siwaambii msikasirike. Hata mtawa anakasirika, nimeona kwa macho yangu. Ikija, ipe jina lake, iangalie, itapita.

Ila kama uko kwenye simu na dada yako, itaje kimoyomoyo.