Mkwe Kwenye Benchi la Mbele

Rebeka Masele alijua kusema. Hilo halikuwa na ubishi katika kitongoji chao, nyuma ya Kisesa. Hata ng'ombe wa Chenge walilijua, maana kila walipoingia kisimani kunywa na kukoroga tope, sauti yake iliwafikia kabla ya fimbo. Kisima kilikuwa cha watu wote, lakini Chenge alikuwa mwenyekiti wa kitongoji tangu enzi za chama kimoja. Basi watu wakanywa tope lao wakanyamaza.

Mwaka wa tisini na nne, vyama vingi vikiwa vimeshaingia, Rebeka aliitwa mjini Mwanza kwenye semina ya wanawake wanaotaka kugombea uongozi. Mumewe, Josephat, alimpeleka kituoni kwa baiskeli, akijigamba njia nzima kwamba mke wake anakwenda kusomea uongozi. Mwalimu wao alikuwa mama mmoja wa Kihaya, Immaculata Kokuberwa, mwenye miwani na asiyecheka hovyo. Aliwafundisha kusimama wima, kujibu matusi kwa hoja, na kuzomewa bila kulia.

"Watazameni machoni," alisema. "Ukiwapa kisogo, umekwisha."

Wakafanya mazoezi ya kuzomeana wao kwa wao mpaka mlinzi wa jengo akaja mbio kuuliza kuna ugomvi gani. Josephat aliposimuliwa alicheka sana.

Siku ya uchaguzi wa mwenyekiti wa kitongoji watu walikusanyika mbele ya ghala la pamba. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, wanawake chini, nyuma yao, kama kawaida. Mtendaji wa kijiji akatangaza utaratibu: kila mgombea asimame mbele ajieleze kwa kinywa chake, ndipo watu wanyooshe mikono. Asiyejieleza, jina lake linaondolewa. Chenge akasema yale yale ya miaka yote, akapigiwa makofi ya uvivu. Rebeka akaenda mbele, akageuka ili awatazame machoni.

Akamwona Ngosha, mume wa binti yake Odeta, ameketi benchi la mbele kabisa.

Lo! Mkwe? Hapa? Kwao Wasukuma, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani. Wakikutana njiani, kijana huingia vichakani na mama hujifunika kanga mpaka mwenzake apite. Sasa huyu hapa, pua kwa pua, na kitongoji kizima kinatazama. Akisema mbele yake, amemwaibisha binti yake, na ukoo wa Ngosha wangeweza kumrudisha Odeta nyumbani. Akikaa, amemwachia Chenge kisima. Semina yote ile, na hakuna hata mmoja aliyetaja mkwe!

Ngosha mwenyewe alikuwa ameinama, kofia imemfunika uso, jasho linamtiririka. Angetaka kuondoka angelazimika kupita mbele yake, na hilo lingekuwa baya zaidi.

"Kama mama hana la kusema, akae," mzee mmoja alisema.

Rebeka akajitanda kanga kichwani, akageuka, akautazama ukuta wa ghala. Watu wakaguna. Mgombea gani huyu anayewapa wapiga kura kisogo?

"Ndugu zangu," akauambia ukuta, "nyuma yangu yupo mtu nisiyepaswa kumtazama, na nyote mnamjua. Heshima yake naitunza. Lakini maji tunayokunywa yana mkojo wa ng'ombe, na hilo nitalisema hata kwa ukuta!"

Wakacheka. Ndipo akasikia nyayo. Wanawake walikuwa wameinuka kule nyuma, wanayapita mabenchi ya waume zao, wanakuja kuketi chini ya ukuta, mbele ya macho yake. Rebeka aliduwaa. Hakuwahi kuona jambo kama hilo, na wanaume nao hawakuwahi, kwa jinsi minong'ono ilivyozuka nyuma yake. Sauti ikamrudia, akasema mpaka akamaliza.

Mikono ya wanawake aliiona ilipoinuka. Ya wanaume ilihesabiwa nyuma ya mgongo wake. Mtendaji alipolitaja jina lake kuwa la mshindi, Rebeka alimuuliza mara mbili kama ana uhakika.

Jioni Odeta alikuja, hakutaka hata kuketi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, mume wangu anaomba radhi. Hakuja kwa kiburi, aliitwa."

"Chenge huyo! Nilijua tu."

"Hapana, mama. Ni baba. Alimwambia wewe mwenyewe umekubali, kwamba semina imeyaondoa mambo hayo ya zamani, akae mbele akutie moyo."

Rebeka alishika nguzo ya mlango. Josephat? Josephat wa baiskeli? Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema ukishajua uifanyeje hiyo nguo. Moyo ulimuuma kuliko kama angezomewa na Mwanza nzima.

Alimkuta mumewe uani, anakula kuku aliyemchinja mwenyewe kwa kusherehekea ushindi.

"Baba Odeta, ni wewe uliyemwita mkwe?"

Josephat aliacha kutafuna. Hakuinua macho.

"Sikutaka mke wangu awe mwenyekiti, ila ningekukataza, watu wangenicheka," alisema. "Nikajua ukimwona utakaa chini mwenyewe, yaishe." Akamsogezea kigoda. "Basi, Mama Odeta, kaa tule."

Rebeka alibaki amesimama.