Mchochea sauna asiyevua shati

Saa nane mchana Taisto Rautiainen anasukuma gogo ndani ya tanuri, anafunga mlango wa chuma kwa goti, kisha anajifuta uso. Nje theluji imefika madirishani. Humu ndani, kwenye sauna, bafu la mvuke la mtaa mjini Tampere, mawe yameanza kupata moto na wateja wa kwanza wamekwea benchi la juu, uchi kama walivyozaliwa, wakiisengenya timu yao ya mpira wa magongo.

Taisto peke yake ana shati.

"Wewe, unaoga au unakwenda kanisani?" Sulo Vihervaara, dereva wa basi aliyestaafu, anamrushia maneno kutoka juu.

Benchi zima linacheka. Taisto naye anacheka, lakini mkono umeshafika kwenye kola.

Ana miaka sitini na moja, na kazi hii ameifanya miaka ishirini na sita, sasa kwa euro elfu mbili na ushei kwa mwezi. Kisukari kilimpata miaka tisa iliyopita. Hakumwambia mtu ila mkewe, Tellervo, anayekata tiketi mlangoni. Benchi la juu huona kisukari ni mzaha wa walafi, na Taisto aliucheka mzaha huo kuliko wote. Vidonge alivificha nyuma ya kuni, na siku nyingine vilisahaulika hukohuko.

Maradhi ya moyo yakamjia kimyakimya. Kisukari cha muda mrefu huweza kuua hisia za neva, mishipa ya moyo ikaziba na kifua kisiume. Taisto alikuwa akihema tu na kutoka jasho.

"Sasa mchochea sauna akitoka jasho, nani atashtuka?" anasema.

Siku aliyoshindwa kuinua ndoo ya maji, Tellervo alimburuta hospitali. Mishipa mitatu ilikuwa imebana. Daktari wa moyo, Bi Hägglund, alimweleza njia mbili: kupitisha kimrija mkononi hadi moyoni na kupanua palipobana, au kupasua kifua na kuunga mishipa mingine ili damu ipite kando. Kwa mwenye kisukari ambaye mishipa yake mingi imeziba, alisema, mara nyingi upasuaji ndio humpa miaka zaidi.

Taisto akauliza ipi haiachi kovu.

"Nilikuwa nachagua tiba kwa kuwafikiria wale mbwa wa benchi la juu," anasema, kichwa chini. "Daktari akaniuliza kama watakuja kunizika wakiwa uchi."

Hata hivyo alimkwepa daktari wiki mbili kabla ya kukubali upasuaji. Alipolazwa, mtaani ikaenezwa habari kwamba yuko kwa dada yake, anavua samaki kwenye barafu. Sasa ni mwezi wa nne tangu apasuliwe. Ameruhusiwa kurudi kwenye joto kwa kiasi, na vidonge humeza asubuhi mezani, mkewe akimtazama.

Lakini kuna kovu la kifuani, na lingine mguuni walikochukua mshipa wa kuungia. Suruali imelificha la mguuni. La kifuani analificha kwa shati, na shati limezaa maneno. Wapo wanaosema ameokoka. Sulo anaapa chini yake kuna tatuu ya mwanamke wa mjini Turku.

Aliyeumia zaidi haketi benchi la juu. Nyumbani Taisto siku hizi huoga mlango ukiwa umekomewa.

"Miaka thelathini na tano tumeoga pamoja kila Jumamosi," anasema Tellervo, akipanga tiketi zilizokwisha kupangwa. "Kifua chake manesi wamekiona. Wanafunzi wa udaktari wamesimama wamekizunguka. Mimi mkewe, bado."

Hakujua kwamba mumewe yuko nyuma yake na kuni mikononi. Taisto ameiva uso hadi masikioni. Anaziweka kuni chini, moja moja, kana kwamba zitavunjika.

Kuhusu Sulo na wenzake, anasema, hajaamua. Huenda wakasubiri hadi majira ya joto. Kisha anamgeukia mkewe.

"Jumapili sauna imefungwa. Nitawasha moto mdogo, tuingie sisi wawili."

"Na hilo shati?"

"Nivue wewe," anasema Taisto.