Bomba la Kiunoni

Siku ya kuubomoa ukuta wa chemchemi walikuja watu wawili tu: mwenyekiti wa kikundi na katibu wake. Siku ya kuujenga, mtaa mzima ulikuwepo, hata wale wasiojua jembe linashikwa upande gani.

Mwenyekiti ni fundi cherehani, mjane, mama wa mtoto mmoja wa kiume. Watu walimpa jina la Mama Mazingira, zamani kwa heshima, siku hizi kwa kejeli. Katibu ni mwashi, naye huitwa Saruji. Hao ndio walioanzisha kikundi cha kutunza kijito. Waliwakusanya watu wakapanda miti kingoni, wakawaondoa waosha pikipiki, na hayo yote bila malipo. Lakini mkono mtupu haulambwi. Wanachama walipukutika mmoja mmoja kama vifungo vya shati kuukuu.

"Wengine wako wapi?" Mama Mazingira aliuliza, ingawa alijua.

"Mmoja ana msiba, mmoja ana mgonjwa, waliobaki wana akili," Saruji akajibu, huku akitemea mate viganja. "Nipe tindo, dada."

Ukuta huo ulikuwa na kisa. Zamani maji yalichuruzika chini kabisa ya mwamba, mtu akachota kwa kata huku amechuchumaa, mgongo unalia. Kikundi kilipopewa saruji, kikaamua kulizungushia jicho la chemchemi ukuta na kutoa maji kwa bomba. Mama Mazingira akavua shingoni futi yake ya kupimia nguo, akampima mwanamke mmoja toka kisigino hadi kiuno, kama anayemkatia sketi.

"Bomba likae hapa," akasema. "Ndoo iwe juu ya jiwe, mtu ajitwike bila kuinama. Tumeinama vya kutosha."

Wanawake wakapiga vigelegele. Saruji akajenga, akapiga lipu mara mbili, akajigamba kwamba hata sisimizi hapati pa kupenya.

Na kweli maji yalipanda nyuma ya ukuta, yakatoka kiunoni kama yalivyoamriwa. Mvua za msimu ule zilipita bomba likiimba. Baadaye likaanza kukohoa, kisha likanyamaza. Maji ni kama mtu mpole: ukimpandisha ngazi kila siku hagombi, anatafuta mlango mwingine na kwenda zake. Yalipenya kwenye mawe huko ndani, yakaibukia bondeni, kwenye shimo la wafyatua matofali. Huko ni tope tupu, na kurudi nayo ni kupanda mlima.

Aliyekuwa akiupanda mlima huo kwa niaba ya nyumba ya Mama Mazingira ni mkwe wake, mimba mbele, ndoo kichwani, mtoto mkononi. Wiki iliyopita aliweka begi lenye zipu mbovu kando ya cherehani.

"Mama, nishonee. Mwanao ameshapata chumba karibu na kazini kwake. Bomba liko mlangoni."

"Subiri kwanza. Tunaubomoa ule ukuta. Jicho likifunguka, maji yatarudi palepale."

"Yakirudi, mimi siendi popote, mama. Nani anapenda kukuacha peke yako? Lakini yasiporudi..."

"Yatarudi."

Zipu haikushonwa. Mara uzi umekwisha, mara sindano imekatika. Mkwe alikuwa na macho, aliuona uzi umejaa tele juu ya cherehani.

Basi wakagonga, jua likapanda wakigonga.

"Fundi, ulichanganya nini humu, chuma?"

"Nilichanganya vitisho vyako, dada. Si ulisema ukivuja utanitambua?"

Wakacheka. Mwanamke mmoja alipita na ndoo ya maji ya tope, akapaza sauti toka njiani: "Mama Mazingira! Mnabomoa au mnashona?"

"Tunatarizi," akajibu bila kugeuka.

Ukuta ulipoanguka, nyuma yake palikuwa na mchanga mweusi tu. Chura mmoja akatoka, akawatazama, akaenda zake. Mama Mazingira akapiga magoti, akafukua kwa mikono mpaka akaufikia mwamba, mahali alipokuwa akichota tangu akiwa binti. Ufa ulikuwepo. Ulikuwa mkavu.

Saruji akalaza sikio kwenye jiwe.

"Unasikia?" mama akauliza.

"Nasikia."

"Wapi?"

"Chini. Mbali. Yanapita tu."

"Tuchimbe, basi."

"Tutazidi kuyafukuza, dada. Njia yake hatuijui. Hata siku ile hatukuijua."

Wakakaa juu ya kifusi chao. Saruji akafuta tindo kwa suruali, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kufika kokote.

"Jumamosi tunakuja?" akauliza.

"Njoo. Miti inataka kumwagiliwa."

"Kwa maji gani?"

Mama Mazingira akainuka, akajipangusa magoti.

Nyumbani mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Aliitazama mikono ya mama mkwe wake. Mikono iliyofungua maji hurudi na tope, na hii ilirudi na vumbi hadi kwenye viwiko. Akamletea maji kidogo katika kata, yale yaliyokwisha kutuama.

"Nawa, mama."

"Hayo ni ya kupikia. Yarudishe."

Akajifuta kwa upindo wa gauni, akaketi kwenye cherehani, akalivuta begi mapajani.

"Uzi umepatikana?" mkwe akauliza kwa sauti ndogo.

"Umepatikana."

Akaing'oa zipu mbovu, akatia mpya, akapitisha mshono mara mbili ili isije ikaachia njiani. Alipomaliza akaifungua, akaifunga, akaifungua tena. Iliteleza vizuri.