Mtama Niliouosha

Mimi ni mtu wa usafi. Nasema hivi mapema ili lawama zianzie pale zinapostahili. Nyumbani kwangu Gongoni, mjini Tabora, wageni huvua viatu mlangoni bila kuambiwa, na mume wangu ameshajua kwamba taulo la mikono si la uso. Nikiona uchafu, mikono inaniwasha. Mikono hiyohiyo ndiyo nusura iharibu suluhu ya wazee wawili kule Ulyankulu, kwa wakwe zangu.

Wakwe zangu asili yao ni Burundi. Walivuka wakiwa wadogo na wazazi wao, wakafyeka msitu, wakalima, wakawa watu wa hapa. Baba mkwe na kaka yake, ambaye sisi wote tunamwita baba mkubwa, ndio waliobaki katika tumbo la mama yao, na mashamba yao yamepakana. Mwaka mmoja plau ya baba mkwe ikaingia matuta manne upande wa pili wa mpaka. Yeye anasema ng'ombe walikosea. Baba mkubwa anasema tangu lini ng'ombe akawa na tamaa ya ardhi. Basi, misimu mitatu hawakusemeshana. Kanisani mmoja alikaa mbele na mwingine nyuma, na ukifika wakati wa kupeana amani, kila mmoja alitafuta mkono wa mtu mwingine.

Baba mkwe hakuwahi kusema kwamba inamuuma. Lakini kila nilipokwenda kule nilimwona jioni anaipindua baiskeli yake kando ya barabara, saa zilezile ambazo kaka yake hupita akitoka shamba, akaanza kuupaka mafuta mnyororo. Baiskeli ile haikuwa na ubovu wowote. Kaka mtu alipita akiangalia mbele, na baba mkwe akaendelea kuzungusha pedali kama fundi. Mimi nilikuwa dirishani, na roho iliniuma kweli.

Hatimaye katekista akaingilia kati, na baba mkubwa akakubali kuja Jumapili moja baada ya misa. Kwa wenzetu hawa ugomvi wa ndugu unaishia kwenye pombe ya mtama, ile wanayoiita impeke. Sio kreti ya dukani. Inatakiwa ipikwe nyumba ileile inayoomba msamaha. Unawekwa mtungi mmoja katikati na mrija, aliyekosewa anaanza kunywa. Akinywa akaridhika, anampa mwenzake mrija, yamekwisha. Akionja akauweka mrija chini, hapo hakuna mtu wa kumwita tena. Baba mkubwa mwenyewe alituma salamu kwa katekista kwamba anakuja mara moja tu.

Fundi wa pombe ni mama mkwe. Alikuwa ameshaanza kuuandaa mtama pale alipopigiwa simu kutoka Urambo kwamba dada yake ameanguka ghafla, amelazwa. Mimi nilikuwa pale kwa likizo. Akaniita uani huku bodaboda inamsubiri.

"Mtama ule kwenye beseni nimeshauchanganya na majivu. Leo uloweke, kesho uutoe uoteshe. Ukishachipua anika, saga. Kupika, mama jirani atakuelekeza."

"Haya, mama. Mpe pole mgonjwa."

Akapanda akaenda. Maelezo yake yalikuwa yanajitosheleza kabisa kwa mtu wa kwao. Tatizo ni kwamba mimi kwetu ni Lusu, Nzega, tena nyumba ya Wamoravian. Pombe kwetu haikupikwa, niliiona kwa majirani tukikatazwa hata kuchungulia. Majivu ndiyo niliyajua. Mama yangu alikuwa akichanganya mtama wa akiba na majivu ili fukusi wasiutoboe, na siku ya kuutumia tunaupepeta, tunauosha mpaka maji yawe meupe. Kumpikia mtu nafaka yenye majivu kwetu ni aibu ya kusimuliwa.

Kwa hiyo nilipoliona lile beseni jeusi nilisikitika kidogo. Nikawaza, maskini mama, kwa haraka zake hakupata hata muda wa kuusafisha. Nikaupepeta. Nikauosha maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ya nne yakatoka meupe. Mtama ukang'aa, mwekundu, mzuri. Nilijisifu moyoni, sitaficha, na nikafikiria atakavyorudi akute mkwe wake kafanya kazi.

Siku zikaenda. Mtama ukachipua, nikauanika, nikausaga ukawa kimea. Mama jirani akaja kunielekeza kupika, naye aliona unga tu, angejuaje? Tukakoroga uji, tukaupooza, tukatia kimea, tukafunika. Pombe ikaanza kuchemka yenyewe kwa ile sauti yake ndogo ndogo, na mimi binti wa Kimoravian nikawa nakwenda kuisikiliza kila saa.

Jumamosi asubuhi nikaionja. Kwanza nilidhani ni mdomo wangu. Nikanywa maji, nikaonja tena. Ilikuwa inakausha ulimi na kukaba koo, uchungu wa mwarobaini. Nikamwita mama jirani. Akachota kidogo na kata, akaonja, akageuka pembeni akatema kwa heshima, akajifuta mdomo na ncha ya kanga.

"Mh," akasema. "Hii mwenye nyumba atajua mwenyewe."

Mwenye nyumba akafika saa sita mchana. Dada yake alikuwa anaendelea vizuri, na yeye alikuwa na furaha mpaka alipoiona sura yangu. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Imeiva?"

Akaichukua kata, akaonja, akaishusha taratibu. Aliniuliza swali moja tu.

"Yale majivu uliyapeleka wapi?"

Nikamweleza yote, mpaka yale maji ya nne. Mama mkwe akakaa kwenye kinu kilicholazwa, akaviangalia vidole vya miguu yake muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "mtama huu mwekundu hata ndege wanaususia. Ndiyo maana tunaulima. Majivu yanalala nao majini, ndiyo yanayoula uchungu. Wewe umeyasafisha."

Nililia. Nilimfikiria baba mkwe na baiskeli yake, na kwamba msimu wa nne ungeanza kwa sababu ya mikono yangu. Nikasema nitakwenda mwenyewe kwa baba mkubwa kumwomba asubiri wiki mbili. Mama mkwe akatikisa kichwa. Yule mzee amesema mara moja, na yeye kuolewa ukoo ule hakuanza jana.

"Wewe lia, ila lia huku unachochea moto," akaniambia. "Sufuria kubwa liko wapi?"

Kuanzia hapo sikupewa nafasi ya kufikiri. Kwanza tuliichuja pombe mara mbili kwa kitambaa kizito, tukayaacha machicha yote, maana uchungu mwingi unakaa humo. Kisha tukapika uji mwepesi wa mahindi, tukaupooza ukawa vuguvugu. Mama jirani alikuwa na kimea cha ulezi anachotengenezea watoto togwa, akakitoa chote, wala hakusubiri kuombwa vizuri. Tukakitia kwenye uji, tukafunika na magunia, na jua la alasiri likafanya kazi yake. Ilipokaribia jioni tukawa na togwa tamu. Tukaichanganya na ile pombe nusu kwa nusu. Tukaonja sote watatu.

"Sasa inanyweka," mama jirani akasema, "kwa mtu mwenye kiu."

Ndipo mama mkwe akaingia ndani akatoka na dumu la asali ya msituni aliyokuwa ameiweka kwa dawa ya kifua. Akamimina, akakoroga, akaonja, akamimina tena. Alipoacha, dumu lilikuwa jepesi. Uchungu ulikuwepo bado, lakini ulikuja mwishoni na haukukaba. Akaniambia tuiache ilale, na kesho nifunge mdomo, kwa sababu wanaume wakinywa hawaulizi habari za jikoni.

Jumapili baba mkubwa akaja na koti lake la kanisani. Akakaa. Katekista akasali kwa kifupi. Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mtungi, mikono katikati ya magoti, na nikaona vidole vyake vina mafuta ya baiskeli hata siku ile ya suluhu.

Baba mkubwa akashika mrija, akavuta. Akaacha. Akauangalia mtungi. Akavuta tena, kidogo, akautoa mrija mdomoni na kuushika juu ya goti. Mkono wake ukaanza kushuka na ule mrija, na mimi nikashindwa. Nikatoka mlangoni, nikapiga magoti mbele ya wanaume wote wale.

"Baba mkubwa, naomba usimhesabie baba. Pombe nimeiharibu mimi. Niliuosha mtama, nikamwaga majivu. Kwetu majivu ni ya kuzuia wadudu tu, sikujua. Wao hawana kosa."

Mama mkwe nyuma yangu akaguna. Baba mkubwa akanitazama.

"Uliuosha?"

"Maji manne, baba."

Baba mkubwa akageuza shingo polepole na kumtazama mdogo wake, kwa mara ya kwanza tangu ile plau.

"Kama wewe," akamwambia.

Baba mkwe akainua kichwa. "Mimi? Mimi nilikuwa nimelala. Wewe ndiye uliyefungua gunia la mtama alioloweka mama kijitoni, ukalitumia kunasia samaki."

"Nani alishika upande wa pili wa gunia?"

"Uliniamsha wewe."

"Na majivu yote yakaenda na maji, na fimbo nikala mimi."

"Tulikula wote. Na ile pombe chungu mama akatunywesha na asali, siku mbili, tusirudie."

"Siku tatu."

"Mbili."

"Tatu," baba mkubwa akasema, na akamnyooshea mrija. "Shika, unywe kwanza, halafu ndio uendelee kudanganya."

Baba mkwe akaupokea kwa mikono miwili. Akainama kwenye mtungi na akakaa hapo muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kunywa, na wote tukajifanya tunaangalia kuku. Mama mkwe akanifinya mkono mpaka ukauma. Nilifurahi sana, nilitaka nicheke na kulia, nikaishia kwenda kuosha vyombo visivyokuwa vichafu.

Matuta manne hakuna aliyeyataja siku ile. Mwaka huu baada ya mavuno, basi la kutoka Ulyankulu limeniletea kiroba hapa Gongoni. Ndani kuna mtama mwekundu uliochanganywa na majivu, tena mengi, yamechafua mpaka buti la basi na shati la mume wangu. Mume wangu akampigia baba yake kuuliza. Akaambiwa ni mtama wa yale matuta manne, wamelima wao wawili, na simu ikanyang'anywa hukohuko na mtu mwingine.

"Mwambie mkwe," sauti ya baba mkubwa ikasema, "asioshe."

Nimeuloweka jana, na majivu yake yote. Beseni ni jeusi, maji ni meusi, mikono inaniwasha, na sijaugusa.